Taa ya Injini Imewaka: Kidude cha Simu, Fundi Mwenye Tableti au Gereji ya Mtaalamu?

Dereva wa Nairobi ambaye taa ya injini imemwakia kwenye dashibodi ana njia tatu za kujua gari lake linalalamikia nini. Anaweza kununua kidude cha Bluetooth madukani Luthuli Avenue na kukiunganisha na simu yake. Anaweza kumwendea fundi mwenye tableti ya kupima magari, ambao hawakosekani Kirinyaga Road wala Industrial Area. Au anaweza kulipeleka gari kwenye gereji inayoshughulikia aina moja tu ya magari, au kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza. Watu wengi huzilinganisha njia hizi kwa bei, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu msimbo wa hitilafu huwa ni uleule popote unaposomwa. P0171 iliyosomwa na kidude cha shilingi 1,500 haina tofauti yoyote na P0171 iliyosomwa na mashine ya shilingi laki mbili. Kinachotofautiana ni kile ambacho kila njia inakuwezesha kukiona baada ya msimbo, na hicho ndicho kinachoamua kama utanunua kipuri kimoja au vinne.

Msimbo hautaji kipuri kilichoharibika. Unafanya kazi ya askari wa getini anayebonyeza king'ora: anajua kelele imetoka upande gani wa ua, lakini aliyeruka ukuta hajamwona. Herufi ya kwanza huonyesha eneo: P ni injini na gia, B ni bodi pamoja na mifuko ya hewa, C ni chasi, zikiwemo breki za ABS, na U ni mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, maana ya msimbo ni moja kwa magari ya kampuni zote. Ikiwa 1, maana yake imewekwa na kampuni iliyotengeneza gari, kwa hiyo programu ya simu isiyojua kampuni hiyo inaweza kukupa tafsiri ya gari jingine kabisa.

Kidude cha simu: kinachoonekana kwa bei ndogo

Vidude hivi vingi vinauzwa kwa jina la ELM327, yaani jina la chipu iliyobuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, ingawa vinavyojaa sokoni ni nakala. Kwa kawaida utakipata kwa chini ya shilingi 3,000, na programu kama Torque au Car Scanner zina toleo la bure linalotosha kuanzia. Mambo mawili huwakwaza wanunuzi. Kwanza, mwenye iPhone hawezi kutumia kile cha Bluetooth ya kawaida; ni lazima achukue cha WiFi au chenye Bluetooth ya kizazi kipya iandikwayo LE. Pili, nakala nyingi zilizoandikwa toleo la 2.1 zimepunguziwa amri ambazo za toleo la 1.5 bado zinazo, hivyo namba kubwa kwenye boksi si dalili ya ubora. Muulize muuzaji kama atakubali ukijaribu kwenye gari lako kabla hujamtumia pesa kwa M-Pesa.

Swali zito zaidi ni kama gari lenyewe litajibu. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, yaani utaratibu mmoja wa gari kujichunguza na kutoa misimbo, kwa magari yote ya abiria kuanzia modeli za mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yalichelewa, na mengi ya miaka ile yana soketi ileile ya pini 16 chini ya usukani lakini yanazungumza kwa lugha ya kampuni yenyewe. Kwa kuwa KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, hairuhusu kuingizwa nchini gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, magari yanayoshuka Mombasa sasa hayana shida hiyo. Gari la namba za KBA au KBB, ambalo huenda lilitengenezwa karibu na mwaka 2000, linaweza kukataa kidude kabisa, na mwenye gari akadhani ameuziwa kibovu. Kwa gari la namna hiyo usipoteze muda na njia ya kwanza. Nenda moja kwa moja kwa fundi mwenye mashine inayoielewa lugha ya kampuni hiyo.

Kidude kikikubali, kinakupa mambo manne: msimbo wenyewe, kumbukumbu ya hali ya injini wakati msimbo ulipojiandika, yaani mwendo, joto, mizunguko na mzigo, data inayokwenda moja kwa moja injini ikiwa inanguruma, na orodha ya vipimo vya ndani ambavyo kompyuta hujifanyia. Mafundi wengi hutumia la kwanza tu. Mimi naona la pili na la tatu ndiyo sababu ya kununua kifaa chenyewe. Ile kumbukumbu ya hali hufutika pamoja na msimbo, kwa hiyo ipige picha ya skrini kabla ya mtu yeyote kugusa kitufe cha kufuta, hata kama anakwambia anafuta “tuone kama itarudi”.

Usomaji wa data unahitaji tahadhari moja inayotuhusu sisi wa nyanda za juu. Miongozo mingi ya mtandaoni huandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, na husema kuwa sensa ya mgandamizo wa hewa, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, inapaswa kusoma karibu kilopaskali 100. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usomaji wa kawaida hapa ni karibu kilopaskali 82 hadi 84. Sensa inayoonyesha 83 ukiwa Buruburu ni nzima. Ikionyesha 100, hiyo ndiyo ya kushukiwa.

P0171: mahali njia tatu zinapoachana

Mfano ulio bora wa tofauti kati ya njia hizi ni P0171, msimbo unaosema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Kompyuta hufikia uamuzi huo kwa kutazama sensa ya oksijeni kwenye eksozi, kisha hujaribu kusahihisha kwa kuongeza mafuta kwenye injekta. Inapojikuta imeongeza kupita kiwango, huwasha taa. Kwa sababu sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa habari, ndiyo hulaumiwa kwanza, na wateja wengi wamebadilisha sensa nzima iliyokuwa ikisema ukweli.

Ukiwa na kidude, fungua data ya marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, uyajumlishe. Injini yenye afya hukaa karibu na sifuri, na asilimia 10 juu au chini si jambo la kukukosesha usingizi. Acha injini ipate moto, isikilize ikinguruma bila kukanyagwa, uandike jumla hiyo. Kisha mwombe mtu akanyage mafuta mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na aishikilie hapo, uandike tena. Ikiwa jumla ilikuwa asilimia 22 injini ikiwa imetulia na ikashuka mpaka 5 ilipokanyagwa, kuna hewa inayoingia kwa wizi baada ya sensa ya hewa: mpira wa hewa uliopasuka kwenye mikunjo yake, paipu ndogo ya vakyumu iliyochomoka, au gaskiti ya manifoldi iliyokauka. Tundu dogo huumiza sana wakati injini inavuta hewa kidogo, na maumivu hupotea hewa inapokuwa nyingi. Mpira wa hewa ukunjue kwa mikono miwili ukiutazama kwenye mwanga, kwa kuwa ufa wa chini ya mikunjo hauonekani mpira ukiwa umelala mahali pake.

Mambo yakiwa kinyume, yaani jumla ni nzuri gari likisimama lakini inapanda unapokwea Waiyaki Way kuelekea Limuru ukiwa na abiria, washukiwa wanabaki wawili wakuu. Aidha mafuta hayafiki vya kutosha kwa sababu ya pampu dhaifu au filta iliyoziba, au sensa ya hewa imeshika vumbi na inaripoti hewa pungufu. Sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, bila kugusa uzi wake kwa kidole wala kitambaa, na dawa hiyo ni nafuu kuliko sensa mpya kwa mbali. Ukiisafisha na marekebisho yasibadilike, hapo umefika mwisho wa uwezo wa kidude, kwa kuwa mgandamizo wa mafuta katika magari mengi hupimwa kwa geji inayofungwa kwenye paipu. Lipeleke gari kwa fundi mwenye geji, na umwonyeshe namba ulizoziandika.

Fundi mwenye tableti anaweza kufanya yote haya kwa haraka zaidi, na ana mashine ya moshi ikiwa amejipanga vizuri: moshi husukumwa kwenye njia ya hewa na kutokea penye ufa. Tatizo ni kwamba ada ya kuweka mashine, ambayo mara nyingi ni kati ya shilingi 1,000 na 3,000, wengi huihesabu kuwa ni ya kusoma msimbo na kuufuta. Muulize mapema ada hiyo inalipia nini. Mazungumzo ya namna hii si ya kumkosea mtu heshima:

“Fundi, kabla hatujanunua hiyo sensa, nionyeshe namba zilizokufanya useme imekufa.”

“Madam, mashine imeandika oksijeni, sasa tutafute nini tena?”

Jibu hilo linatosha kukuelekeza kwingine. Fundi anayejua kazi atakufungulia grafu ya sensa na kukuonyesha volti zinazopanda na kushuka, au zilizoganda mahali pamoja.

Injini inapomisi

P0300 maana yake silinda zinakosa kuwaka bila mpangilio. P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe. Hapa njia ya kwanza inaishinda ya pili waziwazi, ikiwa injini ina koili moja kwa kila silinda, kama ilivyo 1NZ-FE iliyomo kwenye Probox, Fielder na Premio nyingi za mjini. Tuseme umepata P0302. Injini ikiwa imepoa, toa koili ya silinda ya pili uihamishie ya tatu, na ya tatu uilete ya pili. Silinda ya kwanza ni ile ya upande wa mnyororo wa taimingi. Futa msimbo, endesha. Msimbo ukirudi kama P0303, koili ndiyo mbovu na umeithibitisha bila kununua chochote. Ukibaki P0302, hamisha plagi kwa utaratibu huohuo. Ukikataa kuondoka silinda ya pili hata baada ya hapo, sasa ni injekta au mgandamizo wa silinda, na tableti inakuwa na faida, kwa sababu inaweza kuzima injekta moja moja injini ikinguruma na kuonyesha ni ipi isiyoleta tofauti inapozimwa.

Taa ikiwa inapepesa badala ya kuwaka tu, usiendelee kuendesha kwa nguvu ukisema utaishughulikia wikendi. Mafuta yasiyowaka kwenye silinda yanakwenda kuwakia ndani ya katalitiki, kile kifaa cha kwenye eksozi kinachosafisha moshi, na hivyo ndivyo bei ya koili inavyogeuka bei ya katalitiki.

Kuhusu P0420, msimbo wa katalitiki iliyochoka, neno langu ni fupi: usikubali ikatwe kabla ya kukagua kama eksozi inavuja karibu na sensa ya nyuma, na kama injini ilikuwa inamisi. Na ikitolewa, iondoke mbele ya macho yako. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi hawakosekani.

Fundi mwenye tableti: wakati wa kumlipa bila kusita

Mashine za kitaalamu, ambazo hapa kwetu mara nyingi ni za Launch au Autel, huingia kwenye kompyuta zote za gari, ilhali kidude cha bei ndogo huishia kwenye injini. Taa ya ABS, ya mfuko wa hewa au ya usukani wa umeme ikiwaka, usijisumbue na simu. Halafu mashine hizo zinaweza kuamuru: kuwasha feni ya rejeta, kuendesha pampu ya mafuta, kufungua vali ya mvuke wa tangi, kuifundisha upya throto, yaani mlango wa hewa ya injini, baada ya kusafishwa. Uwezo huo wa kuamuru huokoa vipuri. Feni isiyozunguka gari linapopata moto huenda ni mota, rilei, waya au sensa ya joto. Ikizunguka inapoamriwa na tableti, umekwisha kuondoa mota, rilei na waya kwenye orodha kwa dakika moja.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba ubora wake unategemea mtu zaidi kuliko mashine. Tableti haimzuii fundi kubahatisha, na baadhi ya wateja huitazama kama kwamba imetoa hukumu. Fundi mwenye multimita, yaani kipima umeme, mfukoni, anayepima volti na ardhi kwenye soketi ya sensa kabla ya kuilaani, ana thamani kuliko mwenye skrini kubwa asiyeigusa multimita. Waya uliotafunwa na panya hutoa msimbo uleule wa sensa iliyokufa, na gari linalolala nje usiku huwa na wageni wengi chini ya boneti.

Wapo pia wanaofuta taa kwa kuchomoa betri. Magari mengi hupoteza msimbo kwa njia hiyo, pamoja na kumbukumbu zote za uchunguzi, na ikiwa redio ni ile ya Kijapani ya Toyota, inaweza kujifunga na kudai namba ya kufungulia au kadi ya SD ambayo huenda ilibaki Japani. Kidude cha simu kinafuta msimbo uleule bila kuigusa redio.

Gereji ya mtaalamu: ghali, na mara nyingine ndiyo rahisi

Kwa Toyota, Nissan au Mazda ya kawaida yenye msimbo wa injini, sioni sababu ya kuanzia kwa mtaalamu. Kwa magari ya Kijerumani naona sababu. Volkswagen na Audi zina misimbo yao ambayo programu ya VCDS huieleza kwa undani ambao kifaa cha jumla hakiufikii, na Mercedes na BMW zina utaratibu wao wa kusajili vipuri vipya kwenye kompyuta. Gia za CVT, yaani gia otomatiki zisizo na hatua, ni eneo jingine la kutobahatisha: kabla hujaambiwa gia imekwisha, aliyebobea huangalia oili, joto lake na thamani zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gia.

Gari la haibridi, kama Toyota Aqua, liko katikati. Msimbo P0A80 husomeka kuwa betri kubwa ibadilishwe, na wapo wanaoibadilisha siku hiyohiyo. Kidude kizuri pamoja na programu inayojua haibridi kitakuonyesha volti za kila kundi la seli wakati wa kuchaji na kutumia; kundi moja likiwa limeachwa nyuma na mengine, kuna la kujadili na mtaalamu kuhusu kurekebisha badala ya kubadilisha zote. Feni ya kupoza betri, ambayo huvuta hewa ya ndani ya gari karibu na kiti cha nyuma, husongwa na vumbi na manyoya ya viti, na kuisafisha kunapaswa kutangulia mazungumzo yoyote ya bei. Kufungua betri yenyewe usijaribu nyumbani: volti zake zinaua.

Kipuri kipya, cha mtumba au cha bei ya chini

Tatizo likishathibitishwa, uchaguzi unahamia dukani. Koili ya mtumba kutoka Japani ni chaguo la busara kwenye injini za kawaida, kwa kuwa unaweza kuijaribu papo hapo kwa ule utaratibu wa kuhamisha. Sensa ya oksijeni ya mtumba siinunui, maana huzeeka kwa matumizi na hakuna anayejua imetumika kilomita ngapi. Sensa ya hewa ya bei ya chini sana ni hasara ya kawaida: inafunga vizuri, haileti msimbo siku ya kwanza, lakini vipimo vyake si sahihi na marekebisho ya mafuta yanaanza kupanda upya. Kabla ya kuilipia, ifunge, angalia data, na ukubaliane na muuzaji kuhusu kuirudisha, maana vipuri vya umeme vikishafungwa maduka mengi hayavipokei tena.

Nani anathibitisha kwamba gari limepona

Taa kuzimika si uthibitisho, kwa kuwa kila njia kati ya hizi inaweza kuizima kwa kubonyeza kitufe. Msimbo unapofutwa, kompyuta huanza upya vipimo vyake vya ndani, na huviandika kuwa havijakamilika mpaka gari liwe limewashwa likiwa baridi, likapata moto, likaenda kwa mwendo wa kati bila kubadilikabadilika na kusimama mara kadhaa. Msongamano wa Jogoo Road jioni hauvikamilishi haraka. Asubuhi tulivu kwenye Thika Road husaidia zaidi. Vipimo hivyo vikikamilika na ukurasa wa misimbo inayosubiri kuthibitishwa ukabaki mtupu, kazi imefanyika. Fundi na mtaalamu hawana gari lako siku hizo zote, kwa hiyo sehemu hii ni ya mwenye kidude, hata kama ukarabati ulifanywa na mwingine.

Kidude hichohicho kina kazi nyingine kwa anayenunua gari lililotumika. Magari mengi huhifadhi umbali uliosafiriwa tangu misimbo ifutwe. Ukichomeka kidude kwenye gari la yadi ya Ngong Road na ukakuta limetembea kilomita 3 tangu kufutwa, nusu ya vipimo havijakamilika, na muuzaji anasema halijawahi kuwa na shida yoyote, mwombe uliendeshe kwa umbali wa kutosha kabla ya kutaja bei.